Nani Hayupo Bwawani

Yusta mwanangu,

Nimemkosea mtu, na kosa lenyewe nimelificha ndani ya nyumba hii miaka mitatu. Mtu huyo ni mjomba wako Zakaria. Wa pili niliyemkosea ni wewe. Nimeanza hivyo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu na habari za mavuno, nitafika chini ya karatasi sijasema kitu.

Kesho alfajiri unapanda basi kwenda shule. Ya sabuni, ya sweta, ya kutokula vitu vya njiani, mama yako ameshakwambia na atakwambia tena pale stendi. Mimi sina la kuongeza huko. Nimekaa barazani, jua bado lipo, na wewe uko kwa bibi yako unaaga. Mama yako amepita na ndoo akaniuliza, "Unaandika nini wewe, muhtasari wa kikao?" Nikamwambia ndiyo. Kidogo ni kweli.

Barua hii utaikuta chini ya shuka kwenye tranka lako. Pembeni yake kuna kitu kimefungwa kwenye kipande cha khanga ya zamani ya mama yako. Usikifungue kwanza. Soma.

Unakumbuka bwawa la kijiji lilivyofunguliwa kwa uvuvi mwaka ule ulipoanza kidato cha kwanza? Zakaria ndiye aliyekuja kukuchukua asubuhi, na ufito wa mwanzi begani na kopo la minyoo. Mama yako alikuwa anamwita kaka tangu siku ya kwanza Zakaria alipohamia kijijini kutoka kambi ya wakimbizi, maana Kirundi chake na Kiha chetu vinasikilizana bila mkalimani, na wewe ukamwita mjomba. Mmefika kule, wanaume wameshapanga mstari ukingoni, na mwenyekiti wa bwawa anapita kukagua: mtu mmoja, ndoano moja, hakuna wavu mpaka mwezi uishe. Walipokuona walicheka.

"Zakaria, umeleta mpishi kabla hujapata samaki?"

"Huyu ndiye mvuvi," akawajibu. "Mimi nimembebea minyoo tu."

Na wewe ukawapata watatu, wengine wote wanapata kambale wadogo kama kidole. Mpaka leo wakikuona sokoni wanakuita Mama Ndoano, na wewe unageuza uso kama hukusikia, lakini mimi nakuona unavyocheka kwa pembeni.

Na unakumbuka desturi yetu. Filimbi ikipigwa watu wanarusha, na samaki wa kwanza kutoka anainuliwa juu watu wote wamwone. Mwenyekiti anauliza kwa sauti, "Nani hayupo?" Watu wanataja. Fulani ana msiba. Fulani amejifungua juzi. Fulani yuko kitandani. Yule atakayekubaliwa na wote ndiye anayepelekewa samaki wa kwanza, hata kama aliyemvua ana njaa. Nimeiona desturi hiyo tangu nikiwa na kaptula, sikuwahi kuifikiria. Ni kitu kilikuwepo tu, kama mwamba ulioko njiani.

Sasa nikwambie ya mwaka 2012.

Likizo ya mwezi wa sita uliumwa. Homa ya matumbo, siku kumi na nne. Ulikonda mpaka mama yako akawa anakugeuza kwa mkono mmoja. Uji ulikuwa hutaki, ugali ndiyo kabisa. Siku ya Jumatatu ukafungua macho ukasema, "Baba, natamani perege." Yalikuwa maneno ya kwanza ya chakula kutoka mdomoni mwako wiki nzima. Zakaria alikuwa amekaa pale pale miguuni pako. Akakushika kidole gumba cha mguu akasema, kwa lile neno la Kirundi alilozoea kukuita, "Vumilia, sha. Jumamosi bwawa linafunguliwa. Wakiuliza nani hayupo, mimi ndiye nitakayelitaja jina lako. Samaki wa kwanza ni wako."

Siku tano, Yusta. Zilikuwa zimebaki siku tano tu.

Mimi sikuweza kungoja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ninalopata halinipendezi. Ningeweza kukutafutia dagaa. Ningeweza kumwomba mwenyekiti ruhusa ya mgonjwa, na pengine angenipa. Lakini mimi nilikuwa katibu wa kamati ya bwawa, miaka sita, na mtu akikaa na kalamu muda mrefu anaanza kudhani sheria anazoziandika ni za wale asiowajua. Nilijiambia ni samaki wawili tu, na bwawa haliwezi kujua.

Ndoano ingenichelewesha, na mtu aliyekaa ukingoni na ufito anaonekana kutoka barabarani. Nikachukua chandarua. Unakikumbuka kile cheupe kilichofunika kitalu cha nyanya nyuma ya jiko, chenye kiraka cha kitenge cha vifaranga? Kilikuwa cha Zakaria. Nilikiazima kwake mwezi wa tano, kuku walipokuwa wanamaliza miche. Vyandarua tulivyogawiwa sisi kijijini vilikuwa vya bluu. Vyeupe vilitoka kambini, na kile kiraka kila mtu alikijua, maana mke wake alikuwa anakianika juu ya ua.

Jumanne kulipokucha nilishuka upande wa magimbi, pale maji yanapokuwa ya magoti, nikakivuta mara moja. Nilipata perege wanne. Wa nne alikuwa jike, na nilipomshika alifungua mdomo akatema watoto wake mkononi mwangu. Wadogo kama punje za ulezi, wana macho. Wewe Zakaria alikufundisha haya. Perege jike anabeba watoto mdomoni, na siku zote hizo hali kitu, ndiyo maana ndoano haiwezi kumpata. Wavu peke yake ndio unampata. Sheria yetu ya wavu ilitoka hapo, na mwandiko wa sheria hiyo ni wa kwangu.

Nilimrudisha majini. Sijui kama watoto walimrudia mdomoni. Nilipovuta chandarua mara ya pili kikanasa kwenye gogo. Nikasikia kengele ya baiskeli njiani. Nikakiacha pale, nikaondoka na wale watatu ndani ya gunia la majani ya mbuzi.

Mama yako alimkaanga mmoja kwa mawese. Ulikaa, Yusta. Ulikaa mwenyewe ukaegemea ukuta, ukamla mpaka kichwa. Ukaniuliza, "Umempata wapi baba?" Nikasema ameletwa na pikipiki kutoka Kigoma. Ukasema, "Mtamu kama wa hapa kwetu." Nikacheka, na mama yako akacheka. Ile ndiyo furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na niliipata kwa kitu cha wizi, na sitakudanganya kwamba haikuwa furaha.

Alhamisi tukaitwa ukingoni. Chandarua kilikuwa kimetandazwa kwenye nyasi, na pembeni yake mtu alikuwa ameweka kwenye jani la mgomba wale watoto wa samaki, wamekufa. Zakaria alikuja mwenyewe, hakuna aliyemfuata. Mwenyekiti akamuuliza.

"Zakaria, hiki si cha kwako?"

"Ni changu."

"Umekitega wewe?"

"Sikukitega."

"Kwa hiyo kimekuja chenyewe kunywa maji?"

Watu wakacheka. Na mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, daftari magotini, naandika.

"Nilimwazima mtu," Zakaria akasema.

"Mtu gani? Mtaje."

Hakuniangalia, akawa anaangalia miguu yake. Akasema, "Huyo mtu ana mdomo. Atasema."

Tukangoja. Najua ulikuwa muda mfupi, lakini mimi nausikia mpaka leo. Mama mmoja akasema kwa nyuma, "Hawa ukiwapa ukingo wanataka na bwawa." Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, andika." Nikaandika. Imethibitika kwamba Ndugu Zakaria amevua kwa wavu bwawa likiwa limefungwa. Amezuiwa kufika bwawani. Kijiji kimearifiwa. Nikampa kalamu asaini, na vidole vyetu vikagusana. Mwenyekiti alisoma ule ukurasa akasema, "Mwandiko wako mzuri, katibu." Alinisifu mbele ya Zakaria.

Jumamosi bwawa likafunguliwa. Samaki wa kwanza akainuliwa, mwenyekiti akauliza nani hayupo, na watu watatu kwa pamoja wakasema, "Yusta wa katibu!" Wote wakakubali. Wakanipa mimi samaki nikuletee. Nilisimama pale na samaki anapiga mkia mkononi mwangu, nikijua ni nani hayupo, na nikasema asanteni.

Huyo ulimla pia. Ulisema, "Mjomba ametimiza ahadi."

Labda ungedhani mambo yaliishia kwenye kukatazwa kuvua. Mwaka ule kambi ilikuwa inafungwa, na Waburundi waliokuwa wanalima kwenye vijiji vyetu walikuwa wanaulizwa wana nani wa kuwasemea. Zakaria alikuwa anangoja barua ya kijiji ya kuthibitisha kwamba ni mkazi mwema. Ilikuwa imeshaahidiwa. Baada ya muhtasari wangu, barua haikutoka. Siwezi kukuapia kwamba barua ingemwokoa, mambo yale yalikuwa makubwa kuliko kijiji. Lakini wapo waliokuwa na barua, na wapo hapa mpaka leo, mihogo yao unaiona kutoka dirishani kwako.

Mwezi wa kumi na mbili wakapakiwa kwenye malori kurudishwa Burundi kupitia mpaka wa Manyovu. Wewe ulikuwa Kibondo kwa shangazi yako, likizo. Siku moja kabla hajaondoka, mchana, Zakaria alikuja hapa nyumbani. Hakukaa. Alikuwa na mshipi wa kuvulia umezungushwa kwenye kipande cha mti wa kahawa alichokichonga, na ndoano tatu amezichomeka kwenye kipande cha kandambili zisikuchome.

"Mpe Yusta," akasema. "Mwambie aanze na hii ndogo. Huwa ana haraka ya kuvuta. Asubiri boya lizame mara mbili."

Nikasema, "Zakaria, ile habari ya chandarua..."

Akainua mkono. "Acha, Baba Yusta. Kunisemea mimi masikioni kuna faida gani? Mimi nilishajua tangu Alhamisi ile. Nilikuwa nangoja uwaambie wao."

"Kwa nini wewe hukunitaja?"

"Mkimbizi amtaje katibu? Wangesema nakusingizia, na mtoto wako angekuwa kitandani anasikia." Akatazama nyumba, akatazama mlango wa chumba chako. "Na mtoto alikula?"

"Alikula."

"Ego," akasema, yaani ndiyo, kama mtu anayekubali kitu kizito. Akaenda.

Mwezi wa kwanza ukarudi. Kitu cha kwanza ulichouliza, kabla hata ya kuweka begi chini, "Mjomba yuko wapi? Ameondoka bila kuniaga?" Nilikuwa na ule mshipi ndani ya dari ya ghala. Ningekupa, ungeuliza amesema nini, na ningeanza kusema nisingejua pa kusimama. Ndipo nikasema yale maneno. Nikasema, "Waburundi ndivyo walivyo. Hawaagi."

Hukulia. Ulibeba begi ukaingia chumbani. Mwaka uliofuata bwawa lilipofunguliwa ulisema una masomo. Na mwaka uliofuata tena. Ufito wako tukaufanya wa kuangulia mapapai.

Mimi nilidhani uongo nilioutamka siku ile ulikwisha siku ile. Mwaka huu nimeuona ulivyokua. Mwezi wa tano, watu walipoanza kuvuka tena kutoka Burundi, mabasi yamejaa wanaelekea kambi ya Makere, ile isiyofungwa, kuna mama alikuja hapa mlangoni kuomba maji na mtoto mgongoni. Mama yako akampa. Alipoondoka ulikuwa unachambua maharage, ukasema bila hata kuinua kichwa, "Hao wanakula kwako leo, kesho hawakujui."

Nilikuwa nakaza tairi la baiskeli, nikaacha. Sauti ilikuwa yako lakini neno lilikuwa langu. Nimekulisha samaki wa wizi, hilo tumbo limeshalisahau. Lakini hili lingine nimelipanda ndani ya mtoto aliyefundishwa kuvua na Mrundi, na kesho unaondoka nalo, unakwenda kukaa bweni moja na watoto wa watu wa kila mahali. Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Na bado nisingeandika. Ukweli wenyewe ni huo. Ingekuwa ni usingizi tu ningeuzoea, nimezoea mengi.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda soko la Makere kutafuta mbegu. Nimeinama napekua maharage, nikasikia nyuma yangu, "Baba Yusta." Nikageuka. Amekonda, mvi zimeshuka mpaka kwenye ndevu, amevaa koti la kike la kijivu lenye vifungo vikubwa. Wamevuka tena mwezi wa tano, yeye na mke wake, wako kambini kule. Nilitaka kukimbia, Yusta. Mtu mzima wa miaka arobaini na tisa.

Hakuniuliza juu yangu. Aliuliza, "Yusta yuko kidato gani?"

Nikamwambia umechaguliwa cha tano. Akapiga makofi pale pale sokoni, watu wakageuka. "Mama Ndoano!" akasema. "Nilijua." Halafu akauliza, "Na ule mshipi? Aliupenda?"

Nikasema, "Aliupenda sana. Alisema nikikuona nikushukuru."

Uso wake ulivyong'aa, mwanangu, sitausahau. Nimemlisha na yeye uongo. Nimesimama katikati yenu ninyi wawili miaka mitatu, huku nasema hakuaga, kule nasema ameshukuru, na wote wawili mkaniamini kwa sababu mimi ni baba wa mmoja na rafiki wa mwingine. Nikamwambia nina haraka. Mbegu nikaziacha pale pale.

Sasa fungua ile khanga.

Mshipi ni ule ule. Ndoano mbili zimeshika kutu kidogo kwa sababu ya kukaa darini, hilo nalo ni langu. Ile ndogo ni nzima. Aliaga, Yusta. Alikuja mpaka mlangoni kukuaga na hukuwepo, na akakuachia alichokuwa nacho. Lile neno nililokwambia, nakuomba ulitoe. Sijui mtu anatoaje neno lililokwisha kaa miaka mitatu. Labda kwa kuvuta pole pole, boya lizame mara mbili kwanza.

Sikwambii unisamehe. Utakuwa mbali, utakuwa na muda wa kunikasirikia bila kulazimika kunipakulia chakula, na hiyo ni haki yako. Nilichokipata katika haya yote ni kidogo tu. Zakaria alisema kweli kwamba kumnong'oneza yeye hakuna faida. Na hata hii barua, ikiishia kwako, ni mnong'ono vile vile, nimeandika kwa mwandiko mzuri tu. Ndiyo maana haiishii hapa.

Jumamosi hii bwawa linafunguliwa. Siku hiyo wewe utakuwa na siku ya pili bwenini. Mimi bado ni katibu, na daftari la mwaka 2012 ninalo. Nitakwenda nalo. Samaki wa kwanza atainuliwa, mwenyekiti atauliza kama kawaida, na kabla mtu hajataja mgonjwa wala mfiwa, mimi nitajibu. Nitasema, "Zakaria hayupo, na mimi ndiye sababu." Nitasoma ule ukurasa kwa sauti wote wausikie, kisha nitasema chandarua alikishika nani na samaki walipelekwa nyumba gani. Kalamu nitaiweka chini pale pale kwenye nyasi. Watacheka au watanipiga, mwenyekiti ataamua. Nitaomba waandike upya, kwa mkono wa mtu mwingine, na wote waliosaini ule ukurasa wasaini na huu.

Wakinipa yule samaki, mama yako atamkaanga mkavu asiharibike njiani. Wakininyima, nitakwenda mikono mitupu na nakala ya ule muhtasari mpya. Mama yako hajui bado; chandarua kilipoondoka kitaluni nilimwambia Zakaria amekichukua. Nitamwambia kesho, tukishakusindikiza, kabla hatujafika nyumbani.

Jumapili baada ya ibada utaruhusiwa simu ya mwalimu wa zamu. Usinipigie mimi, maana umeshaona ninavyojibu. Mpigie mama yako, umuulize swali moja tu: Jumamosi, walipouliza nani hayupo, nani alijibu? Na kama atakwambia ni mimi, basi ujue kwamba saa hiyo unayoongea naye niko juu ya baiskeli barabara ya Makere, nakwenda kumwambia mjomba wako kwamba mshipi wake umekufikia wiki hii.

Baba yako.